Mtwara tukiulizwa chakula chetu ni nini, tujibu ugali tu?

BintiShangani (Mtwara mjini)

Wakuu habari za jioni. Hapa tunapopanga tumechanganyika kweli, chumba cha kwanza anakaa jamaa wa Kenya kaja kwa kazi za ujenzi, anayemfuata ni dada wa Palma, Msumbiji, anauza vitenge, na mimi mama yangu Mmakonde wa Newala, baba Mmwera wa Nachingwea. Jioni umeme ukikatika wote tunatoka uwani na stori ianzie wapi ianzie lazima iishie kwenye msosi.

Sasa juzi Mkenya katupiga swali, kasema kwetu ukiuliza chakula cha taifa mtu anakujibu fasta, ugali sukuma wiki na nyama choma, imeisha hiyo. Dada wa Palma naye kasema kwao shima na matapa. Haya nyie Watanzania? Weee, kila mtu na lake, mara chipsi mayai, mara pilau, mara ndizi za Bukoba, mara mtori wa Moshi, mara nyama choma ya Arusha. Nikakaa nasikiliza nione kama kuna atakayetaja kitu cha Kusini. Hakuna! Na hatukuwa Arusha, tulikuwa Mtwara, na hapo nje ya geti kuna mama anauza ming'oko kila jioni na hao hao waliokuwa wanataja mtori wanakula ming'oko yake.

Hili jambo linaniuma kiukweli. Tukitajwa Kusini ni korosho na gesi basi, yani kama vile huku watu hawapiki. Jumamosi nataka niwapikie majirani zangu wote, nyie mngeweka nini mezani kusema hii ndo Mtwara, hii ndo Lindi? Na la pili, tupeane majina ya mtaani maana tunapishana sana, huyu Mkenya alienda kwa mama ntilie kaomba ndengu, mama kamwambia dengu hakuna leo mwanangu, karudi na njaa, kumbe alichokuwa anataka ni choroko na sufuria zima la choroko lilikuwa jikoni linachemka.

MzeeWaKitangari (Newala)

Mwanangu umenigusa pabaya na pazuri. Huwezi ukasema chakula cha Kusini usianze na ming'oko, huo utakuwa utovu wa adabu. Kwa wale ambao hawajafika huku, ming'oko ni mizizi ya porini, jamii moja na viazi vikuu, imekaa mirefu myembamba, mtu hapandi kama muhogo, anaingia msituni anachimba na anatakiwa ajue anachimba nini. Miaka ambayo mvua iligoma na ghala likawa tupu hiyo ndo iliyowabeba wazee wetu, halafu leo mtoto wa mjini anaiona kwenye kifuko stendi anauliza hivi ni nini hivi. Inaoshwa mchanga utoke wote, inachemshwa na chumvi, unakula na pilipili. Hauhitaji mchuzi wala nini. Ukikaa na wenzako mnatafuna mnaongea, jua linazama hamjajua.

La pili korosho, na hapa siongelei zile za pakiti zilizokaangwa na chumvi wanazouza supamaketi. Naongelea korosho ikiwa imebanguliwa nyumbani. Watu wanaopenda korosho wengi hawajawahi kuona kazi ya kubangua, lile ganda lina mafuta makali yanaunguza ngozi, kwa hiyo kwanza unachoma kwenye bati, moshi wake ukikuingia machoni utajuta, ndipo unagonga moja moja utoe punje isivunjike. Mama zetu vidole vyao vilikuwa vyeusi msimu mzima. Sasa chukua punje zile zilizovunjika, twanga, ungia kisamvu, weka na tui kidogo kama unalo. Huyo Mkenya akishakula hicho kisamvu na ugali wa mtama atasahau sukuma wiki nakuhakikishia.

Na mabibo usiyaache. Mtu wa Dar akisikia Mabibo anafikiria hosteli na kituo cha daladala, huku kwetu bibo ndo lile tunda lenyewe linaloshika korosho. Linaanguka leo, kesho limeharibika, ndo maana huwezi kulikuta sokoni mbali. Linaliwa hivi hivi, linakamuliwa juisi, likikaushwa linaitwa kochoko, likichachushwa ndo uraka. Pale Naliendele wataalamu wa kilimo wamekuwa wanafundisha watu kutengeneza jamu na mvinyo na juisi ya mabibo, jambo zuri sana hilo na lingetakiwa lifike kila kijiji maana kila msimu mabibo mengi mno yanaozea chini ya mikorosho, watu wameokota korosho tu wakaondoka.

La mwisho nitalisema na mnaotaka kucheka chekeni, samaki nchanga. Panya wa shambani, sio wa darini. Anayejua anajua.

Omwami254 (Kenya, kwa sasa Mtwara)

Niaje wadau, mimi ndiye huyo Mkenya wa chumba cha kwanza, nimeonyeshwa hii kitu nikasema lazima nijitetee. Kwanza ndengu ni ndengu, nyinyi ndo mmeibadilisha jina hahaha. Kwetu ndengu ni hizo za kijani ndogo ndogo, unakula na chapo, na maharagwe ni madondo, chapo madondo hiyo ukipata asubuhi siku yako imeshika. Githeri mnaita makande, hapo tuko pamoja. Omena mnaita dagaa. Nduma mnaita magimbi. Waru ni viazi, hivyo vya mviringo. Hizo nimezishika zote.

Kitu kimenisumbua ni hili neno mboga. Nilikaa kwa mama ntilie nikauliza mama mboga ni gani leo, akanijibu samaki, kuku na nyama. Nikamwambia hapana nataka mboga. Akarudia, samaki, kuku, nyama. Tukaangaliana! Kwetu mboga ni kitu ya kijani, sukuma, managu, kunde. Hapa kumbe chochote chenye kinateremsha ugali ni mboga, hata ng'ombe mzima ni mboga.

Halafu chai. Mimi mtu wa Kakamega, chai ni maziwa na majani vichemke pamoja kwa sufuria. Hapa nikiagiza chai naletewa ya rangi, nyeusi, ina tangawizi na iliki, na lazima niseme hiyo tangawizi yao wanajua kuiweka. Lakini kilichonimaliza ni siku nilikuwa nawapigia vijana wa saiti stori ya ukweli kabisa ya vile tuliwahi kuvuka mto umefurika huko Budalangi, mmoja akasema "hiyo chai". Nilikasirika, kwetu chai ni hongo! Nikamuuliza nani amekula hongo hapa? Kumbe alimaanisha nawadanganya.

Ile swali niliuliza sikuuliza kwa ubaya BintiShangani. Niliuliza kwa sababu nimekula dagaa wa nazi hapa Mtwara nikashangaa mbona hii kitu haiko kwa midomo ya watu. Nikipiga simu nyumbani nikisema niko Tanzania wananiuliza umekula pilau? Hakuna mtu ananiuliza ming'oko. Na mimi nawaambia wote. Hiyo kisamvu ya korosho bado sijapata, Jumamosi nitakuwa wa kwanza kukaa.

KijanaWaBuza (Dar)

Wakuu mnazunguka sana, chakula cha taifa ni zege. Chipsi mayai. Nenda Mwanza ipo, nenda Mbeya ipo, hapo hapo Mtwara jioni karai linawaka pembeni ya barabara, kachumbari, pilipili, tomato sosi, kitu imekamilika. Kama hutaki kuiita zege iite kiepe yai. Ugali tunauita nguna, wali wa shughuli ubwabwa, nguruwe kitimoto, hayo ndo majina ya kumfundisha Mkenya. Ila hao panya wenu mzee wangu hapana aisee, hapo ndo mnapotuchanganyia.

MzeeWaKitangari (Newala)

Kijana, mtu wa Bukoba akileta senene mfuko mmoja mnagombania na mnamsifia. Kumbikumbi mnawaokota mvua ikinyesha, na huko magharibi mwa Kenya nasikia ni kitoweo cha heshima, Omwami254 atusaidie. Utumbo mnachoma. Panya wa shamba anakula muhogo, mahindi na karanga zile zile unazokula wewe, anatembea kwenye mchanga mkavu, wala hajui jalala likoje. Ukivuka kwenda Malawi wanapangwa kwenye vijiti wanauzwa barabarani, wanaitwa mbewa, na Mmalawi haoni aibu yoyote. Sikulazimishi ule. Ila usikiite uchafu kitu kilichotulea.

Omwami254 (Kenya, kwa sasa Mtwara)

Kumbikumbi nathibitisha mzee. Kwetu ni chakula cha heshima kabisa, unakaanga na chumvi kidogo na unapea mgeni. Na KijanaWaBuza aje Nairobi nimpeleke kwa mutura, ule utumbo umejazwa nyama na damu, jioni kwanza ndipo tuongee habari ya panya.

DadaWaPalma (Msumbiji)

Salaam kwenu nyote, wazee shikamooni. Mimi kwetu Palma, tunasema Kimwani nyumbani, Kiswahili tunakijua toka zamani maana ndugu zetu wapo pande zote mbili za Ruvuma, hata hao Wamakonde wako huku Newala na wako kule Mueda, ni ukoo mmoja ila mto umepita katikati. Siku hizi lipo Daraja la Umoja kule Mtambaswala, limefunguliwa mwaka 2010, na sie wa huku pwani tunapita Kilambo, lakini chakula kilishavuka zamani sana kabla ya daraja lolote.

BintiShangani umesema matapa yetu, nataka niwaeleze vizuri maana nikisema hapa uwani mnasema "si kisamvu tu hicho". Ni majani ya muhogo ndiyo, yanatwangwa na kitunguu saumu mpaka yalainike, yanachemshwa muda mrefu, halafu unatia karanga zilizosagwa na tui la nazi, na sie wa pwani tunatia kamba au kaa. Ukitia kamba hiyo si mboga ya pembeni tena, ndiyo chakula chenyewe, unaweka na wali au na shima. Shima ni huo ugali wenu. Kuna na wa muhogo, Wamakua wanauita karakata, unanata vizuri na mchuzi wa samaki. Nimeona huku watu wa pwani ugali wa muhogo wanauita bada, na nilipouonja nikajua nimefika nyumbani.

Majina tunapishana kweli. Mimi nikisema pera naongelea lile tunda la dukani linalofanana na tofaa, nyie mkisema pera ni lile la mbegu nyingi ndani, sisi hilo tunaliita goiaba. Mkate tunasema pau, na asubuhi mtu anapasua pau anaweka bagia za kunde ndani, anakula anaenda kazini. Mkenya aliponiona nafanya hivyo akasema huko kwao wanapasua yai au soseji hivyo hivyo wanaweka kachumbari. Basi tukacheka.

Ila pilipili hapana, kwenye pilipili Msumbiji hamtuwezi. Kuku wetu wa piripiri anajulikana mpaka Ureno na Afrika Kusini. Nakuja Jumamosi na chupa yangu.

MtotoWaKilwa (Lindi)

Nimesoma yote, na naona Lindi tunasahaulika kama kawaida, yani Kusini ikitajwa ni Mtwara Mtwara. Ming'oko hata Wamwera wanaichimba ndugu zangu. Na sisi wa Kilwa tuna la kusema kwenye mambo ya jikoni maana mji wetu ulikuwa unapokea wageni toka mbali wakati sehemu nyingi hazijulikani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kwenye safari hiyo hiyo alipopita Mogadishu aliandika habari ya kupewa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo juu yake na achari pembeni. Kwa hiyo wali na kitoweo kwenye pwani hii si jambo la jana. Wali wa nazi, samaki wa kuchoma aliyepakwa ukwaju, pweza wa nazi aliyepigwa kwenye jiwe mpaka kalainika, hapo ndo Lindi ilipo. Na kashata za ufuta kwenye chai, ufuta wa kwetu.

Ila kuna kitu nataka nikiseme kwa sababu nimeona kila mtu anagombania ugali wa nani. Mahindi yametoka Amerika. Muhogo umetoka Amerika. Karanga Amerika, pilipili Amerika, na korosho mzee wangu usikasirike, imetoka Brazili, Wareno ndo walioisambaza huku miaka ya 1500. Ndo maana wazee wa Kiswahili mkorosho waliuita mkanju, Mreno anasema caju, DadaWaPalma ananielewa. Kwa hiyo huo ugali wa sembe ambao Mkenya anasema wake, Mtanzania wake, Mmalawi wake, ukienda nyuma wote tumeupata kwa njia ya jahazi na meli. Ugali wa zamani wa huku ni wa mtama na uwele. Hiyo ndo nafaka ya Afrika.

Sasa angalia ming'oko. Haikuletwa na mtu. Ilikuwa ardhini humu humu, watu wakaijua, wakajua ipi inaliwa na ipi inaachwa, wakarithishana. Ukitaka kitu cha kumwonyesha mgeni useme hiki ni cha ardhi hii, weka ming'oko katikati ya meza, hayo mengine yazunguke. Nasema hivyo mimi mtu wa pweza na wali.

MzeeWaKitangari (Newala)

Sikasiriki. Korosho ilikuja kwa meli lakini hao walioileta hawakuijua kuiunga kwenye kisamvu, hiyo ni ya mama zetu. Hapo kwenye ming'oko umesema vizuri sana na Mungu akubariki.

MwlSongea (Ruvuma)

Naongezea kidogo tu. Wenzetu Malawi mwaka 2017 nsima yao, yaani ugali, iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni, na orodha haikusifu unga, ilisifu ile namna ya kuupika na watu kukaa pamoja na watoto kufundishwa adabu ya kula. Senegali nao wali wao wa samaki umeingia mwaka 2021, na mwaka huo huo Kenya walitambuliwa kwa kazi ya kurudisha vyakula vyao vya asili, hasa mboga za majani zile ambazo watu walishaanza kuzidharau. Kwa hiyo Omwami254 hizo managu unazozitaja zilikuwa zinaelekea kusahaulika mpaka watu wakaandika majina yake, matumizi yake, wakapeleka na shuleni. Ming'oko inahitaji hivyo hivyo. Misitu ikifyekwa kupisha mashamba na mkaa, na mchimbaji anayejua akizeeka bila kumwonyesha mjukuu, hakuna duka la mbegu litakalokuuzia. Mimi ni mwalimu, darasani kwangu nimeuliza wangapi wanaijua, waliotoka Masasi na Tunduru wakanyoosha mikono kwa aibu kama wamekamatwa na kosa, nikawaambia nyoosheni vizuri.

BintiShangani (Mtwara mjini)

Asanteni wote, MwlSongea hilo la watoto kunyoosha mikono kwa aibu ndo lenyewe kabisa ninalolisema mimi.

Nimeamua hivi. Ming'oko katikati, nishaongea na mama wa hapo nje ataniletea ya asubuhi hiyo hiyo. Kisamvu cha korosho nitapika mwenyewe, na DadaWaPalma atapika matapa ya kamba yeye, vyote viwili viwekwe tuone nani atasema ni kitu kimoja. Ugali wa mtama. Samaki changu wa kuchoma nitapitia Feri asubuhi, na nitampaka ukwaju kama alivyosema wa Kilwa. Omwami254 wewe utatupikia chapo zako na hizo ndengu, choroko zipo sokoni nimeangalia. KijanaWaBuza ukija likizo zege lako utalikuta mtaani ila ndani kwangu hapana.

Ninachoomba kujua, mzee wangu wa Kitangari, ming'oko naichemsha na ganda au namenya kwanza? Mama yangu alikuwa anafanya akiwa peke yake jikoni na sikuwahi kumuuliza. Na samaki nchanga nawapata wapi hapa mjini?

MzeeWaKitangari (Newala)

Na ganda lake mwanangu, osha tu sana sana, mchanga ukibaki utausikia kwenye meno. Maji yafunike, chumvi weka mwanzoni, mfuniko juu. Usiigeuze geuze itakatika. Ikiiva bonyeza utaona inaachia, mwaga maji, iache ipoe kidogo ndo watu waanze kumenya kwa mikono wenyewe. Pilipili saga na ndimu na chumvi, usitie nyanya. Na hiyo ya dada wa Palma weka kibakuli chake pembeni, watoto wasikosee.

Samaki nchanga mjini hutawapata wa kuaminika. Nina kijana wangu anashuka na basi Ijumaa, nitampa, wamekaushwa tayari. Unawachemsha kwanza na chumvi, halafu unaunga na karanga. Weka kwenye sufuria yao peke yao, mgeni asiyetaka asilazimishwe, anayetaka apewe mkia.

Omwami254 (Kenya, kwa sasa Mtwara)

Mimi nataka mkia.